Jibu Ulilolingoja Ipogolo

Mwanangu Sekela,

Mimi ni mama yako, na mkono unaoandika ni wangu. Najua utashangaa. Ulipoondoka nilikuwa bado naweka dole gumba kwenye karatasi za ushirika, na sasa nimekaa na kalamu, nimeshamaliza daftari moja kwa kuandika na kufuta. Mwalimu wetu wa kisomo, binti anayeitwa Agnesi, mdogo kuliko wewe, amenisahihishia herufi nilizokosea, lakini maneno hakuyagusa. Ndiye aliyeniambia kwamba lile gazeti la vijijini wanalotuletea sisi tuliojua kusoma juzi juzi hupokea barua, na kwamba husomwa Iringa, Njombe, Songea na kwingine nisikokujua. Sijui unakaa wapi, kwa hiyo nakuandikia mbele za watu. Watakaotutambua na watutambue, baba yako amekubali.

Unakumbuka barua zako zilivyokuwa zinapokelewa? Karani wa mashine ya mpunga akizileta, baba yako ananawa mikono kwanza, anavaa miwani aliyorudi nayo kutoka migodini Afrika Kusini, anakaa kwenye kigoda mlangoni. Mimi naacha kazi yoyote niliyo nayo. Anaipitia karatasi kimya, kidole kinatembea, mara anatikisa kichwa, mara anatabasamu. Halafu anaikunja na kusema, "Nakupa maana yake tu, mengine ni salamu." Mimi nilikuwa naridhika na hiyo maana.

Tangu tuhame Tukuyu kuja kulima mpunga huku Usangu, watu wote walijua kuwa baba Sekela ni msomaji. Walipoandikisha watu wa kisomo, yeye aliandikwa kwenye orodha ya wanaojua, wala hakuna aliyemuuliza mara mbili. Jirani mmoja aliwahi kusema mwanawe wa darasa la tano angeweza kutusomea siku ambazo baba yako hayupo. Baba yako alikasirika, akasema barua ya mwanetu haisomwi na watoto wa watu. Niliona ana haki, kwa kuwa wewe ndiye mtoto pekee aliyetubakia, na habari zako zilikuwa zetu.

Ulipokuwa sekondari Mbeya hakukuwa na taabu. Uliandika mara moja kwa muhula kutaja siku ya kuja likizo, yeye akasema unakuja, nawe ukaja. Ukiwa nyumbani ulisoma wewe kila karatasi iliyoingia, kwa sababu alisema macho yake yamechoka. Ulijivuna kumsaidia. Mimi nilikuwa nakuangalia huku napepeta, nasema moyoni kwamba Mungu ametupa msaidizi.

Ulipokwenda chuo cha ualimu Iringa ndipo barua zikawa nyingi. Kila mwezi moja, wakati mwingine mbili. Kwa maana aliyokuwa akinipa baba yako, nilikijua chuo chenu kama jiko langu. Mnalala jengo refu, vitanda vimepangwa kwa namba. Inapigwa kengele, mnapanga foleni, mnapewa ugali na nyama kila Jumamosi. Maji ya moto yanatoka bombani. Umeingia kwaya, sauti yako imesifiwa na mkuu wa chuo. Nilikwenda nayo hayo shambani, na tukiwa tumeinama kupandikiza mpunga niliwasimulia wanawake wenzangu mpaka wakanichoka. Mmoja alikuwa ananiita mama mkuu wa chuo.

Ulipokuja likizo ya kwanza nilikuomba uniimbie wimbo mmoja wa kwaya. Ulicheka, ukasema, "Mama, unanichanganya na mtu mwingine." Nilimtazama baba yako. Alikuwa anafuta miwani. Nikadhani nimesikia vibaya, maana mimi ndiye nisiyejua kitu, na mambo yakaishia hapo. Ningeuliza swali moja tu zaidi siku ile, nisingekuwa naandika haya.

Majibu yetu, unajua mwenyewe, hayakuwa ya karatasi. Baba yako alisema stempu ni usumbufu wakati lori la mchele linapita. Kwa hiyo tulimtuma Bwana Ngailo, dereva, kwa mdomo. Jumamosi ulikuwa unateremka kutoka mjini hadi Ipogolo, pale malori yanapopumzika kabla ya kupanda kilima, unachukua mchele na karanga na maneno yetu. Alikuwa mtu mwaminifu, alikufikishia neno kama lilivyo, hakupunguza wala hakuongeza. Simlaumu kwa lolote.

Mwaka wako wa pili, mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke, ilikuja barua nyembamba, karatasi moja. Baba yako aliisoma kama kawaida yake. Akasema umeandika habari za mpishi wenu mnene, kwamba aliteleza na sufuria la uji mbele ya wageni wa serikali, akakaa ndani ya uji, akawa anawaamkia wageni akiwa amekaa humo humo. Sekela, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kesho yake Bwana Ngailo alipopita, baba yako alimwambia akueleze kwamba barua tumeipata, tumeisoma yote, tumefurahi, kaza masomo. Mimi nilikimbilia lori likiwa limeshaanza kuondoka, nikasema, "Mwambie mama yake amecheka mpaka amekaa chini."

Alikuambia. Nimemuuliza. Anasema ulimsikiliza mpaka mwisho, ukachukua mchele, ukasema asante, ukavuka barabara.

Baada ya hapo hukuja tena Ipogolo. Bwana Ngailo alirudi na mchele wetu mara mbili. Ikaja bahasha yenye muhuri wa chuo, baba yako akaivalia miwani, akasema wanafunzi wote wanabaki likizo kulima shamba la chuo, wazazi wasiwe na wasiwasi. Sikuwa na wasiwasi. Nilivuna, nilianika, niliweka gunia moja pembeni kwa ajili yako. Niliingia kisomo kwa sababu ya uvivu wako wa kuja, kwa kusema ukweli. Nilitaka nikuandikie mwenyewe nikukaripie kidogo.

Nilikuwa mzito mwanzoni. Tulisoma kitabu cha mpunga, na niliyajua yaliyomo kabla ya kuyasoma, basi nikawa nakisia. Agnesi aliniziba macho kwa mkono akaniambia nisikisie, nifuate neno moja moja kwa kidole, kwa kuwa aliyeandika ameandika hilo na si lingine. Nilikwenda nyumbani na maneno yake. Nilijiuliza kwa nini baba yako hakuwahi kunisomea neno moja moja. Sikushuku ubaya wowote, nilitaka tu kujua wewe unaandikaje.

Nilitoa barua zako zote mchana mmoja, nikiwa nalinda mpunga kwenye jamvi kuku wasiule. Ilinichukua siku tatu kuzimaliza. Hakuna kwaya. Hakuna maji ya moto. Uliandika kwamba asubuhi kuna baridi kiasi kwamba mnavaa sweta mbili na kuoga kwa kupokezana ndoo moja. Kwamba maharage yana wadudu na mmezoea kuwatoa kwa kijiko mkiendelea kuongea. Kwamba siku ya kwanza ya kufundisha kwa majaribio miguu ilikutetemeka, watoto wakaona, na msichana mmoja wa mbele akakuletea kiti. Uliandika pia kwamba ulipotakiwa kutoa mfano wa sentensi ubaoni uliandika, "Mama yangu analima mpunga." Hayo yote ulituandikia, na hakuna hata moja lililonifikia. Nilikuwa nasambaza shambani chuo cha migodini, foleni za migodini na mabomba ya migodini, maana hayo ndiyo baba yako aliyoyaona ujanani mwake.

Ile karatasi moja niliisoma ya mwisho. Nainakili hapa ili ujue kuwa sasa imefika: "Mama na baba, nina mimba ya miezi mitatu. Chuoni hawajajua, wakijua watanifukuza. Sijui niseme nini zaidi. Naomba mniambie kama naweza kurudi nyumbani. Jumamosi nitakuwa Ipogolo, nitangoja jibu lenu. Mkinikataa sitawasumbua."

Baba yako alikuwa uani, anachonga mpini wa jembe. Nilimwendea nikamsomea, kidole juu ya neno, polepole kama mwanafunzi. Aliendelea kuchonga mwanzoni. Kisha akaacha.

"Rudia hapo pa Jumamosi," akasema.

Nikarudia. Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba hajui kusoma.

"Mwaka wa kwanza ningeweza kusema," akajibu. "Baadaye ikawa vigumu."

Basi. Hatukugombana. Majirani wangetegemea nipige kelele, nami mwenyewe nilizingoja hizo kelele zije, hazikuja. Nilirudi kwenye jamvi nikageuza mpunga. Jioni nilipika, tukala, sikusikia kama mboga ina chumvi. Tangu siku ile niko hivyo. Nalima, nasalimia watu, najibu kwamba sijambo, na ndani kuna ganzi, sioni uchungu wala furaha. Nilitaka kumchukia baba yako nikakuta hata nguvu ya kuchukia sina. Wanaonihurumia nawaitikia tu.

Bahasha ya chuo nayo niliisoma. Ilisema umeondoka bila ruhusa na kwamba wazazi wafike kwa maelezo. Tulifika, Sekela, tukiwa tumechelewa zaidi ya mwaka. Tulipanda basi hadi Ipogolo, tukapandisha kilima kwa miguu kwa sababu sikuwa na subira ya kungoja gari. Nilikiona chuo chenu. Niliona ndoo, nikaona ubao. Mwangalizi wa bweni, mama mmoja mpole, alituonyesha kitanda ambacho sasa kinalaliwa na mwingine. Alisema ulifunga sanduku lako mwenyewe mchana kweupe, na wenzako walipokuuliza unakwenda wapi ulisema, "Nyumbani wameshajibu." Baba yako alitoka nje akasimama ukutani. Mimi nilimshukuru yule mama, nikasema ndaga, naye hakujua Kinyakyusa, lakini alielewa.

Tumeuliza kwa dada zangu Tukuyu. Tumeuliza Mbeya mjini, kanisani, na hospitali wanakojifungulia watu. Kuna aliyesema alimwona msichana kama wewe Makambako amebeba mtoto mgongoni, lakini alisema msichana yule ni mrefu, na wewe si mrefu. Nilikwenda hata hivyo. Hakuwa wewe. Alinipa maji ya kunywa, nikarudi.

Baba yako sasa anakaa benchi la nyuma kwenye darasa la Agnesi. Amejiandikisha mwenyewe, mbele ya watu waliomjua kama msomaji, na walicheka kidogo siku ya kwanza. Miwani ameiacha nyumbani, anasema kumbe haikuwa inamsaidia kitu. Kichwa chake ni kigumu na aibu inamchelewesha. Sikuambii haya ili umsamehe, hilo ni lenu wawili. Nakuambia ili ukikuta anasoma ujue kwamba safari hii anasoma kweli.

Nyumba ya kule mtoni uliyoijua haipo tena, tulihamishwa pamoja na wenzetu tukapangwa kijijini. Ukishuka Rujewa tafuta gari la Ubaruku, ukifika uliza mashine ya mpunga, sisi ni nyumba ya tatu upande wa mfereji. Kama huwezi kuja, andika. Ukiandika usiogope kuweka mambo mazito, yatafika kwangu kama ulivyoyaweka. Mtoto atakuwa anatembea na kuongea sasa. Sijui hata kama ni wa kike au wa kiume, na naona ajabu kuwa bibi wa mtu nisiyejua nimwiteje.

Watu watasema, waache waseme. Lililonifanya nishike kalamu ni moja. Uliondoka ukiamini kwamba mama yako alisoma kuwa una mimba, akacheka mpaka akakaa chini. Sikukucheka wewe, mwanangu. Nilimcheka mpishi aliyekaa kwenye uji, na mpishi huyo hakuwahi kuwepo.

Uliuliza kama unaweza kurudi nyumbani. Jibu ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo hata Jumamosi ile, ila hatukujua kuwa tumeulizwa.

Kaa salama huko uliko, wewe na mwanao.

Ni mimi,
Mama yako