Doto Kalala Juu ya Gogo

Jumamosi. Mvua ya kwanza ilinyesha jana jioni, leo kumekucha anga jeupe na udongo unanukia. Siku kama hii hapa Usinge hakuna mtu wa kununa. Mimi nimelia tangu saa nne asubuhi.

Niseme kwanza, maana hata kwenye huzuni haki yangu naidai: hakuna mama kijijini hapa mwenye watoto kama pacha wangu. Mimi niliishia darasa la pili kwa wamisheni. Lakini Kulwa na Doto, hata umri wa shule hawajafika, wanaujua uwanja wetu wa nyuma kuliko ninavyokijua chungu changu. Wao ndio walionionyesha nyuki wadogo wasiouma walioingia ukutani mwa jiko. Wanamjua mdudu anayechimba kishimo mchangani akangoja sisimizi aporomoke. Doto humtekenya kwa unyasi, mdudu akajitokeza akidhani kapata chakula. Doto ndiye fundi. Kulwa, kaka yake, mbeba kopo.

Leo tulikwenda kwenye kichuguu nyuma ya jiko kutafuta kumbikumbi. Kwetu kumbikumbi hawangojwi, wanadanganywa. Unafunika kichuguu kwa matawi, unachimba kishimo pembeni, halafu unapiga gogo kwa vijiti, taratibu, mpaka walioko chini wadhani mvua imeanza, watoke. Hakuna anayeipiga mvua hiyo kama Doto. Mwaka jana jirani yangu Mama Shija alikuja na ungo wake: "Mama Kulwa, niazime huyo binti. Wa kwangu wanapiga kama wanatwanga mtama." Nikamwazima, kwa maringo yangu yote.

Leo Doto alipiga, akapunguza, akanyamaza. Nikageuka. Kalala, shavu juu ya gogo, vijiti mkononi, na kumbikumbi wameanza kumtambaa usoni.

Kulwa akamsukuma. "We Doto! Wanatoka! Unakoroma kama babu!"

Akafumbua macho, akanitazama kama mgeni, akalala tena.

Jua limewaka, mtoto kalala.

Wiki zote hizi Doto akisinzia mchana, nimekuwa nikisema ni joto. Nikasema anakua. Lakini kiangazi alifuatana na baba yake porini kwenye mizinga, wakarudi na asali, na Doto miguu imejaa alama za kuumwa na ndorobo, wale mbung'o wa porini. Tulimcheka anavyojikuna. Leo nikampapasa nyuma ya shingo, kama dresa wa zahanati anavyowapapasa watu akipita vijijini. Vivimbe vipo. Vigumu, kama njugu.

Malale. Haya, nimeliandika.

Dresa nilimwita, akaja mchana. Hakuficha kitu. Kesho tupande gari moshi kwenda Tabora, hospitali, wamchome sindano ya mgongo watazame maji ya uti wake. Nikamwuliza kama watoto hupona. Akafunga mkoba wake. "Wengine, mama."

Wengine!

Akasema nimpeleke mgonjwa peke yake. Mama mkwe wangu akasimama mlangoni, akakataa. Pacha hawatenganishwi. Akinyolewa mmoja, ananyolewa na wa pili. Akinywa dawa mmoja, wa pili analambishwa. "Ukimwacha Kulwa hapa, mkwe wangu, atatafuta njia yake ya kumfuata mwenzake." Alilisema neno hilo polepole, na mimi, Mkristo niliyebatizwa, nikaliamini.

Kulwa alikuwa anasikia. Akaja akainamisha kichwa mapajani mwangu. "Mayo, mama, na mimi nipapase."

Nikampapasa. Shingo laini, haina kitu. Nikamwambia, "Huna kitu, baba." Nilidhani atafurahi. Akaangua kilio, akasema nitafute tena, sijatafuta vizuri.

Nikatafuta tena. Mungu anisamehe, nilijifanya natafuta.

Baba yao amerudi tena msituni kwenye mizinga, hana habari. Nimesali mpaka maneno yameniishia. Kesho nitawapandisha wote wawili, dresa aseme atakalo.

Jua linazama. Kulwa amekwenda kujilaza kwenye mkeka ubavuni mwa mwenzake, kafumba macho kwa nguvu. Nimemtikisa. Akafungua jicho moja, akacheka.

Doto sijamtikisa. Naogopa kumtikisa.