Fundi Asiyetaka Nimkute Bafuni

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi ya Karatu leo haina adabu. Ukungu umelala juu ya mabati tangu alfajiri, kuku wamegoma kutoka bandani, na mimi nimeamka na jambo moyoni ambalo halitokani na baridi.

Nadhani fundi wangu ni mwizi.

Nimeiandika sentensi hiyo, nimeisoma tena, na sijaifuta.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: nina gesti ndogo kando ya barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Nyumba aliijenga Mzungu mmoja aliyekuja kuchunguza nyani. Nyani walipomchosha, au yeye alipowachosha nyani, akaondoka, nami nikaichukua nyumba pamoja na maajabu yake. Ajabu kubwa ni hodhi la kuogea lililoko chumba cha nyuma, refu, la kulala mtu mzima, na mabomba yake ni ya shaba tupu. Karatu nzima tunatumia mabomba ya plastiki. Shaba kwetu mtu anaivaa mkononi, au anaipeleka kwa wafua vyuma wa kule Mang'ola, ambao wakipata hata koki ya zamani wanaiyeyusha na kuigeuza bangili ya kuuzia watalii.

Kumbuka hilo la Mang'ola. Mimi nalikumbuka kila saa.

Hodhi ndilo linaloniletea wageni. Kesho wanakuja bwana na bibi walio kwenye fungate, watatoka kwenye kreta ya Ngorongoro wakiwa wekundu kwa vumbi, na wameshaniandikia zaidi ya mara moja kuuliza kama hodhi lipo sawa. Nimewajibu lipo. Ni kweli lipo, halijahama.

Tatizo ni ule mdomo unaomwaga maji ndani ya hodhi. Ulipasuka kwa chini, ukawa unamwagia ukuta kuliko unavyomwagia hodhi. Nikanunua mpya kwa Baba Shafii, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo ng'ambo ya barabara. Huu mpya hauhitaji kuchomelewa. Unauvika juu ya bomba la shaba, unausukuma mpaka uguse ukuta, halafu unakaza skrubu moja iliyojificha tumboni mwake. Nimeangalia video za kazi hiyo mpaka bando likaisha. Najua kwamba bomba lazima lisuguliwe kwa msasa na ncha yake isiwe na makali, maana ndani ya mdomo kuna kipete cha mpira cha kuzuia maji, na kikikatwa na makali basi kazi yote ni bure. Najua kila kitu, kasoro kushika spana.

Ndiyo maana nikamwita Lembris.

Lembris ni bwana mmoja wa Soitsambu, kule Loliondo, aliyejifunza ufundi bomba Arusha na kuhamia hapa. Amenifanyia kazi ndogondogo tangu mwaka jana na nilimwamini. Alikuwa mchangamfu. Alikuwa akiingia jikoni kwangu, anafunua sufuria, anauliza, "Mama, leo tunakula nini?" Tunakula, eti. Nilikuwa nacheka.

Wiki hizi za karibuni amegeuka mtu mwingine. Haniangalii usoni. Nikimsalimia anamjibu kuku. Chai ya kwangu, ambayo alikuwa akiiomba kabla haijaiva, sasa anasema ameshashiba. Mtu akianza kukataa chakula chako, kuna kitu amekichukua au anakaribia kukichukua. Hayo ni mawazo yangu tu, sina ushahidi, lakini nimekaa na watu miaka mingi.

Juzi alifika kuanza kazi akanikuta nimesimama mlangoni mwa bafu. Akashtuka kama ameona chatu. Akasema amesahau spana, anarudi kuifuata. Spana ilikuwa mkononi mwake. Hakurudi mpaka nilipokwenda kanisani kwenye kwaya.

Jana nilirudi mapema kutoka mashine ya kusaga. Nikasikia bafuni kuna msumeno unakata. Nikaita, "Lembris, unaendeleaje?" Msumeno ukanyamaza. Nilipofungua mlango hapakuwa na mtu. Dirisha lilikuwa wazi, na nje niliona soli za viatu zikiishia nyuma ya migomba.

Fundi wa halali anatoka dirishani kwa sababu gani?

Nikakagua. Mdomo wa zamani ulikuwa umeshang'olewa, na bomba limekatwa kidogo, jambo ambalo ni sahihi, maana mdomo mpya ni mfupi. Lakini kile kipande kilichokatwa, karibu urefu wa kiganja, hakikuwepo. Sakafuni hakuna. Kwenye hodhi hakuna. Nilipekua mpaka jivu la jikoni. Nilipomwuliza Paskalina, binti yangu, ambaye anafundisha chekechea na bado anaishi nami, akasema, "Mama, kipande cha bomba nacho ni cha kukunyima usingizi?" kisha akaingia chumbani kwake. Paskalina huyu ambaye hajawahi kuacha ubishi uishe kabla hajaushinda.

Nikavuka barabara kwa Baba Shafii kumdokeza tu. Yeye ndiye aliyenimaliza kabisa.

"Huyo fundi wako aliniuliza swali la ajabu," akasema. "Eti lile hodhi unaogea wewe au wageni peke yao. Nikamwambia, bwana, mimi na swala zangu nitajuaje jirani anaogea wapi?"

Kwa hiyo anataka kujua nyumba inatumikaje. Nani yuko wapi, saa ngapi. Leo kipande cha kiganja, kesho bomba zima linafuata ukutani, na wageni wa fungate wanaoga kwa ndoo.

Nimeamua. Leo akija nitaaga naenda sokoni, nizunguke, nijifiche nyuma ya tangi la maji. Nikimkuta na shaba yangu tunakwenda wote kwa mwenyekiti wa mtaa, na hapa kwangu hakanyagi tena. Kama si mwizi, basi aniambie kwa nini anafanana naye.

*

Naendelea. Sasa ni jioni, jua limechomoza kwa dakika chache tu ili lipate kuzama.

Niliaga kwa sauti ambayo hata Baba Shafii aliisikia. Nikachukua kikapu, nikatoka getini, nikapitia shamba la jirani na kurudi nyuma ya tangi, nikachuchumaa. Kwa umri wangu kuchuchumaa ni ahadi nzito.

Lembris alifika akapita moja kwa moja mpaka bafuni bila kusita. Nikasikia msasa. Alisugua, akatulia, akasugua tena. Baadaye akatoka kupumzika uani, na Paskalina akamletea chai na chapati. Akanywa! Yule aliyeshiba wiki nzima alikunywa chai yangu kama aliyetoka jangwani, akaomba na nyingine. Paskalina akanyoosha mkono kupokea kikombe, mkono wa sweta ukapanda.

Bangili. Mpya, nyekundu, inang'aa. Imepasuliwa, ikagongwagongwa kwa nyundo mpaka ikawa bapa, lakini ningeitambua popote. Ilikuwa bomba langu.

Nilitoka nyuma ya tangi na kikapu kitupu.

Lembris aliruka, akageukia uzio, akajiziba uso kwa mkono. Paskalina alibaki na kikombe hewani.

"Mama! Si umekwenda sokoni?"

"Nimesharudi."

"Na mboga?"

"Hicho cha mkononi kimetoka wapi?"

Akaangalia bangili, akaniangalia mimi. "Kimetoka ukutani," akasema, sauti ndogo kama ya watoto wake wa chekechea.

"Shikamoo, mama," Lembris akauambia uzio. "Nilitaka wazee waje kwanza. Mambo haya mimi siwezi kuyasema mwenyewe."

"Wazee wa nini? Wa bomba?"

Hapo Paskalina akaweka kikombe chini. "Mama, jamani. Hawezi kukuangalia. Kwao mama wa mke haangaliwi hivi hivi, wala hali mbele yake. Na bafuni kwake ndiyo kabisa. Alikubali kazi kwa sababu wageni wanakuja, na nilimhakikishia kuwa wewe huogi mle."

Nikakaa juu ya ndoo.

Na mimi mambo haya nayajua! Nimezaliwa Mbulu lakini nimekulia kati ya Wamasai wenzake. Mlinzi wa shule hapo chini, mtu wa Endulen, akimwona mama wa mkewe anakuja anavuka barabara na magari ya watalii yanampigia honi. Mara ngapi nimemcheka? Sikuwahi kufikiria kwamba siku moja mimi ndiye nitakayevukiwa barabara. Nilimhesabu Lembris kama fundi, nikamsoma kama fundi, na kwa fundi yale yote yalikuwa ya mwizi. Kutoniangalia, kukataa chai, kutorokea dirishani. Kwa mkwe ni heshima kutoka kichwani hadi miguuni.

Kipande cha shaba ni suala jingine. Nilimwambia angeomba. Akaniambia, yaani akauambia uzio, kwamba angeniombaje na hawezi kuongea nami?

Tukabaki na bomba.

Kabla jambo halijasemwa alikuwa anapenyapenya. Sasa limesemwa, mimi niko nyumbani, na yeye hata kwenye kizingiti cha bafu hapiti. Paskalina alijitolea. Nikakataa, sikutaka kipande kingine kigeuke pambo. Basi nikaingia mwenyewe, na Lembris akasimama nje ya dirisha, mgongo kwangu, anaelekeza migomba.

Kwanza nilipitisha kidole kwenye ncha ya bomba. Nilikuwa natafuta kosa, nakiri. Hakuna ukali popote, ndani wala nje. Nikatafuta tena. Kazi hii aliifanya akijua sipo, au akidhani sipo, na hakuna mgeni ambaye angeona pale ndani hata akioga mwaka mzima.

"Mama, umeuvika?"

"Umeingia nusu."

"Uzungushe taratibu huku unasukuma. Usiulazimishe, utakata mpira."

"Umegusa ukuta."

"Sasa skrubu. Usikaze sana, shaba ni laini, itabonyea."

"Nani amekuambia nakaza sana?"

"Nakusikia unavyohema, mama."

Nje Paskalina alicheka mpaka akapaliwa. Nikalegeza kidogo, bila kumwambia.

Tukafungua maji. Yakakohoa, yakatoka mekundu, halafu yakawa meupe, yakaanguka ndani ya hodhi kama inavyotakiwa. Nikabandika karatasi kavu pale ukutani chini ya mdomo, nikasubiri, nikaitoa. Kavu. Nikabandika nyingine.

Lembris ameondoka kwa kuuaga uzio. Amesema wazee wake watakuja kabla mwezi haujaisha, na mimi nimesema nyumba ina viti. Hilo si jibu la ndiyo. Bado kuna maswali. Paskalina amenificha jambo hili muda gani? Baba Shafii alikuwa hajui kweli, au alikuwa anajifurahisha? Na heshima kubwa kiasi hiki mtu anaitoa wapi wakati mwaka jana alikuwa anafunua sufuria zangu?

Lakini kuna moja linalonisumbua kuliko yote, na wala si la posa. Choo cha chumba cha mbele kinavuja. Hita ya chumba cha kati inanguruma kama fisi. Katika mafundi wote wa mji huu nimemchunguza mmoja tu mpaka mwisho, nikamkuta safi, na kuanzia leo huyo ndiye haruhusiwi kuingia bafuni kwangu hadi nife.

Kukicha nitafute mwingine. Na huyo mwingine, itabidi nimchunguze kuanzia moja.