Napita, Nabeba

Nyumbani, 3 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hapa wazima. Wa kuhofiwa ni wewe.

Baba bado amenuna. Kayaki yako ya zamani, kile kimtumbwi chembamba alichokitoa stoo kwa hasira, iko uani inanyeshewa. Nikitaja helikopta ya safari yako tu, anaondoka mezani. "Mto usio na barabara," anasema, "una sababu zake."

Sasa nikuungamie jambo. Unajua nilivyo. Baba husema nimesomeshwa lugha mbili ili ninyamaze kwa zote mbili. Lakini juzi darasani watu walikuwa wakijisifia ndugu zao, mdomo ukaniponyoka: "Shangazi yangu anapelekwa na helikopta kwenye mto ambao hata mbuzi hafiki, na atateremka poromoko la maji la mwisho, refu kuliko ghorofa hili!" Darasa zima likanigeukia. Shangazi, nilijiona mrefu! Usiniangushe.

Mwanao

Kambini, 21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila viganja vimechubuka kama viazi vilivyomenywa. Rubani aliyetuletea chakula alikuwa na barua yako mfukoni. Hii ataondoka nayo.

Ungeuona mto huu! Helikopta ilitushusha juu ya mwamba, kayaki zetu zikining'inia chini yake kwa kamba. Maji ni ya kijani, ghafla yanakuwa meupe, yanakurusha ngazi kwa ngazi, na wewe unacheka kama mwehu.

Tuna sheria moja. Kwa kila poromoko tunatoka majini, tunalitazama, kisha kila mtu anasema "napita" au "nabeba". Anayeibeba kayaki begani na kuzunguka kwa miguu haulizwi kwa nini, wala hataniwi.

Kwenye lile la mwisho, wenzangu watatu walisema napita. Nikalikumbuka darasa lako. Nikatazama tena: chini kuna jiwe, maji yanalificha na kulifichua. Nikasema nabeba. Nilihangaika na miamba mpaka jua likaniacha. Wenzangu walikuwa wamefika salama. Mcheshi wetu, anayemtania hata rubani, akanipokea mzigo kimya.

Nimekuangusha. Nisamehe.

Shangazi yako

Nyumbani, 9 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na pole ya viganja. Nimechelewa kujibu kwa aibu, tena aibu yangu mwenyewe: nilikutuma kwenye jiwe lile ili nisifiwe mimi.

Jana niliinua mkono darasani. "Shangazi yangu hakuteremka la mwisho. Alibeba kayaki begani, akazunguka kwa miguu."

Jogoo wa darasa akacheka. "Si tulijua! Mwoga!"

"Wenzako wote wameshasema napita, wanakutazama wewe," nikamwambia. "Ungethubutu kusema nabeba?"

Akajikuna kisogo. Mwalimu ndiye aliyepiga makofi, na mimi nikakaa. Sijawahi kujivunia mtu hivi.

Barua yako niliiacha mezani makusudi, Baba aione. Aliisoma yote. Leo asubuhi nimemkuta stoo, jasho linamtiririka, anasogeza magunia. Kayaki yako imo ndani, imefutwa matope, na kando yake ameacha nafasi.

"Hiyo kayaki yake mpya," ameuliza bila kunitazama, "ina urefu gani?"

Mjibu, Shangazi. Ana futi ya kupimia mkononi.

Mwanao