Shemeji Ameirusha Ndege Yetu

Nina hasira sana. Usinipigie, soma tu.

Unaikumbuka ile ndege ya rimoti tuliyokuwa tunaiunga na baba tangu alipopooza mkono? Ile ya vijiti vya balsa, zile mbao nyepesi? Jana tumemaliza kubandika karatasi ya mabawa. Jumapili nilikuwa nimpeleke uwanjani airushe mwenyewe.

Leo narudi kazini, namkuta mume wa dada kakaa sebuleni, ndege iko mezani. Bawa limekatika, pua imepondeka. Kaichukua bila kuuliza, kaenda kuwaringia rafiki zake.

Nikamuuliza, "Nani kakuruhusu?"

Eti, "Shemeji, mbona unakuza mambo? Ni mbao tu."

Mbao tu. Baba alikuwa anashikilia kila kijiti kwa mkono mmoja mpaka gundi ikauke. Mbao tu, anasema.

Mara baba akatoka chumbani. Akaliangalia lile bawa. Halafu akamuuliza taratibu kabisa, "Iliruka?"

"Iliruka, mzee. Ilipanda mpaka juu ya miti, ikazunguka vizuri. Mimi ndiye niliyeshindwa kuishusha."

Baba akatabasamu, unaamini? Akavuta kiti, akamwambia, "Hebu nisimulie, tangu ilipoondoka chini."

Na yule mtu anasimulia, tena kwa mikono.

Mimi nimejifungia jikoni. Nasikia baba anacheka, na bado natamani kumtoa yule mtu nje kwa shati lake. Hicho anachosimuliwa, baba alitakiwa akione kwa macho yake.