Bwana Pole Nimempata

Chumba cha Kushonea,
Kituo cha Akina Mama na Watoto,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, ila vidole vimejaa matundu ya sindano. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, mkoba ukiwa bado begani.

Uliniuliza huku najitolea kufanya nini hasa. Nawafundisha kushona akina mama kumi na wanne waliopigwa na maisha. Watoto wao hucheza chini ya meza wakigombania vifungo. Lugha ya hapa sasa naimudu, ingawa nikikasirika natukana kwa Kiswahili. Hodari kuliko wote ni Mama Pacha, mjane wa miaka ishirini na sita. Kola akishona yeye huoni uzi ulipoanzia.

Sasa kaa chini, dada. Bwana Pole nimempata.

Ndiyo, yuleyule. Mwezi wa pili kituo kilimleta mshauri wa familia kutoka nje, mtu wa kusifiwa sana, mvi kazipaka rangi. Wiki chache baadaye nilikuwa chumbani kwa Mama Pacha namkazia skrubu za cherehani. Mzee akaingia, akavuta kiti, akainamisha kichwa.

"Pole sana, mama. Watoto wamekula nini leo?"

"Bado sijapika. Ndiyo kwanza asubuhi."

"Pole," akasema, akaandika.

Bisibisi ikanidondoka. Si ndilo jibu alilompa mama jikoni kwetu, miaka ishirini na mbili iliyopita? Akasema pole, akaandika, na wiki iliyofuata mdogo wetu akapakiwa garini akiwa na kiatu kimoja. Miaka mitatu kwenye makao ya watoto, dada! Aliporudi alimwamkia mama kama mgeni, akauliza choo kiko wapi.

Sikumrukia. Unanijua, mimi si mtu wa kelele. Karani alikuwa likizo ya uzazi, nikamwomba mkuu wa kituo nimsaidie kupanga mafaili. Nikakuta familia tisa alizoziandikia ripoti, na zote zina maneno haya: "Mama anawapenda watoto ila hana mwelekeo wa malezi." Ni kwa lugha ya hapa, lakini ni sentensi ileile ya kwenye karatasi ya mama, ile tuliyoikariri kuliko nyimbo za shule. Hakubadilisha hata nukta. Watoto sita walikuwa wameshachukuliwa, na pacha walikuwa wanafuata.

Wiki tatu nilimchekea. Nilimpisha kwenye ngazi. Siku moja akaniletea suruali nimpunguzie urefu, nikampunguzia vizuri kabisa, pindo limenyooka kama rula. Nilitaka siku ya kikao avae nguo inayomkaa.

Kamati ilipokutana kuamua habari za pacha, niliingia na mama yao. Mwenyekiti ni hakimu mstaafu, mama mmoja mkali asiyependa kupotezewa muda. Nikamwomba ruhusa, nikamwekea Bwana Pole ripoti tisa mezani.

"Tusomee tu mistari ya mwisho," nikamwambia.

Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Ya tatu akaiweka chini kabla ya kuimaliza.

"Na hii ya pacha," mwenyekiti akauliza, "inasema ulikwenda tena tarehe ishirini mwezi uliopita, ukakuta watoto peke yao?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Mama Pacha hajawahi kusema mbele ya watu. Akasimama, akashika meza. "Siku hiyo tulikuwa tumelazwa, wote watatu. Cheti cha hospitali hiki hapa."

Bwana Pole alifukuzwa kazi palepale. Mafaili yote yanafunguliwa upya, watoto wawili wamesharudi kwao, na pacha hawaendi popote.

Nilimfuata hadi kwenye ngazi. Akanigeukia, uso umemshuka. "Dada yangu, mimi nimekukosea nini?"

Nikamweleza nyumba yetu, jiko letu, mtoto wa kiatu kimoja. Alinitazama kama mtu anayetafuta miwani. Hakukumbuka! Familia ni nyingi, akasema. Basi nikamtajia jina la mama, majina yote matatu, nikamzibia njia.

"Sema."

Akasema.

"Tena."

Mara ya tatu alilitaja bila kungoja nimwambie. Ndipo nikampisha.

Nilifurahi, dada, na bado nafurahi. Nilidhani nitatulia, sijatulia. Nimeandikia kila ofisi aliyowahi kufanyia kazi, na majibu yameanza kuja. Mwalimu wa watoto hapa ananiambia sasa inatosha, nisamehe. Wewe usinihubirie, tafadhali.

Msalimie shemeji, na shangazi, na wanao wote. Mdogo wetu mwambie mkewe akiwa karibu, asisikie akiwa peke yake. Mama mwambie wewe mwenyewe, polepole, umemshika mkono. Akiuliza kama mtu yule aliomba radhi, usimdanganye. Mwambie hakuomba, ila jina lake sasa analijua.

Mungu awafunike nyote, na yeyote abishaye hodi kwenu awe anakuja kwa heri.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Fundi