Windows Mpya Kabla ya Jumatatu

Jumanne, 4 Agosti 2026

Mkuu wa shule amekubali! Nimepewa mpaka Jumatatu. Kompyuta zote za maabara niziwekee Windows 11, halafu Kidato cha Nne wazitumie kwa mtihani wa majaribio wa vitendo. Vitendo vya kweli — siyo kuchora kibodi ubaoni kama mwaka jana. Yeye alitaka tusubiri likizo. Nikamwambia nitaweza. Akauliza, umeshaongea na Octavian? Huyo ndiye aliyezifunga mashine hizi kabla ya kuhamishiwa Ruangwa. Hapa Nachingwea akitajwa, utadhani umeme alileta yeye. Nikasema simhitaji. Na simhitaji!

Alhamisi, 6 Agosti

Nimejaribu moja. Imekubali bila ubishi. Shadya, kiranja wa maabara, kapiga makofi. Anasema dada yake mwaka jana alifanya vitendo kwa chaki, kamaliza shule hajawahi kushika kipanya. Nimemwahidi: wewe utashika. Zilizobaki naziwasha kesho asubuhi kwa mpigo, mchana zimeiva. Kazi ndogo hii.

Ijumaa, 7 Agosti

Jamani!

Zilianza vizuri. Asilimia thelathini, arobaini, feni zinavuma. Nikaenda nyumbani kula, roho nyeupe. Kurudi — skrini zote nyeusi. Nikadhani umeme umekatika, mbona ofisini taa zinawaka?

Kumbe ni Mzee Hassani, mlinzi wetu. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini anazima swichi kuu ya madarasa. Ni tangu pasi ya mtu isahauliwe ikaunguza meza. Shule nzima inajua. Mimi Mlutheri kutoka Same, mwaka wangu wa kwanza hapa, ndiye sijui. Nilimkuta getini na kanzu yake safi, nikafoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Mwalimu, ungeniambia tu. Mie ningeacha."

Kweli tupu. Nilimtangazia mkuu, wanafunzi, hata mama wa maandazi. Mwenye funguo sikumwambia. Aibu ilinishika, nikamwomba radhi.

Tumewasha tena. Nyingine zimerudi kwenye Windows ya zamani, salama. Tano zinazungusha vidoti tu, haziendi mbele wala nyuma. Inatakiwa flashi ya kuzifufulia. Aliye nayo ni — ndiyo, huyo huyo.

Jumamosi, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wako kwenye maonyesho, mimi kwenye basi la Ruangwa. Octavian alicheka mpaka mkewe Dionisia akatoka jikoni kuona kuna nini. Eti na yeye ilimpata! Ijumaa, mwaka wake wa kwanza, swichi hiyo hiyo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Dada Elineema, uliniuliza lini?"

Nikala kisamvu chao. Akajitolea kuja kunisaidia. Nimekataa. Flashi inatosha. Nilisema nitaweza, na nitaweza. Nimechoka lakini nina hamu ya kesho, ajabu kweli.

Jumapili, 9 Agosti

Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi maabara. Mzee Hassani kafungua, kaweka kiti chini ya swichi kuu, kakaa. Mkuu kapita kusalimia, akaegemea ukuta karibu na swichi — kaambiwa asogee! Nimecheka peke yangu.

Leo hakuna kwa mpigo. Moja moja. Kwanza zile tano. Ya kwanza kufufuka nikaipigia vigelegele. Jioni hii nne zimepona, na zile nzima zimemaliza. Imebaki moja tu, ya dirishani, ina kiburi.

Jumatatu, 10 Agosti

Naandika nimesimama. Mashine zote zinawaka, isipokuwa ya dirishani — asilimia tisini na moja. Ya akiba hatuna. Wanafunzi wako mlangoni, wamejipanga kwa namba za mtihani.

Mkuu kachungulia. Madam, tayari?

Tayari, nimesema.

Nimewaambia waingie. Namba ya dirishani ni ya Shadya. Nimempa ishara aketi tu. Tisini na mbili. Wenzake wameshaanza kuandika, vidole vinagonga chumba kizima. Yeye kakaa wima, mkono juu ya kipanya, anatazama skrini ambayo haina kitu.

Hajaniuliza chochote. Ananiamini!