Wifi, Ni Wewe Unayeng'ata Kitumbua cha Kwanza?

Wifi yangu Yustina,

Wewe ni mtu wa namna gani? Tumekuzika kule Lupiro masika yanaanza, sasa mpunga umeshavunwa na kukobolewa, na hata siku moja hukuja kunisalimia ndotoni. Kaka yako, pamoja na ukali wake wote, wiki ile ile aliyokufa alikuja kuniulizia koti lake. Wewe kimya. Nikasema basi, huko aliko wanampikia, amenisahau. Halafu ukaanza kuja kwa namna ile. Hilo ndilo ninalokuandikia, na usinikatize.

Mwandiko uvumilie. Shuleni sikukanyaga, herufi ulinifundisha wewe, kwa mkaa, kwenye mfuniko wa ndoo, ili tuandike kibao chetu: VITUMBUA VYA MAWIFI. Binti yako Regina amejifungua mtoto wa kike. Hawakumpa jina lako. Wamempa jina waliloliokota kwenye simu. Nimegomba mpaka sauti imekauka.

Sasa sikiliza habari za biashara.

Unakumbuka tulivyoanza. Barabara hii ya Mlimba, hapa Ifakara, wote walikuwa wanachoma vitumbua vya unga wa pakiti, sisi tukaja na mchele wa Mchombe, tunaloweka, tunatwanga wenyewe, harufu inamfuata mtu mpaka stendi. Mwezi haujaisha, Mama Faraja akafungua ng'ambo yetu, na sanduku la kioo na spika ya kupigia kelele. Tukafunga kwenye karatasi safi, naye karatasi. Tukawahi basi la kwanza, naye akawahi. Mpaka kibao akaandika VITUMBUA VYA MADADA, na dada hana! Mimi nilitaka nikamvunjie kile kioo. Ukanishika gauni ukasema, "Mwache aige, wifi. Anayekuiga lazima kwanza akuangalie, na anayekuangalia yuko nyuma yako. Wewe tembea tu." Tukatembea. Tukaleta vya ulezi kwa wenye kisukari. Alipoleta vyake, sisi tulishafika kwingine.

Kitu kimoja hakuweza kukiiga, ulimi wako. Wangu ulikufa tangu ile homa kubwa. Nikila sukari, nikila majivu, mamoja. Kwa hiyo kitumbua cha kwanza nilikuwa nakupa wewe kwenye kile kisahani, umekaa kwenye kigoda chako. Unang'ata mara moja tu, ukingoni pale palipokauka, humalizi. Halafu unatoa hukumu kwa hiyo sauti yako ya puani: "Iliki imelala." Naiamsha iliki kwenye uji wa vitumbua kabla mteja hajafika.

Ulipokufa, mkono wangu haukuambiwa. Asubuhi ya kwanza baada ya arobaini nilichoma, nikakiweka cha kwanza kwenye kisahani, kisahani juu ya kigoda. Nilipogeuka nikakiona kimekaa peke yake, nikalia mpaka mafuta yakaungua. Kesho yake nikafanya vilevile. Ni mazoea, wifi, sikuwa na nia nyingine. Mungu ananiona.

Wiki ya pili nikakikuta kimeng'atwa.

Mara moja. Ukingoni.

Nikasema panya. Lakini panya gani anang'ata mara moja akaacha kitumbua cha moto? Nikasema kunguru. Basi nikamwaga majivu kuzunguka kigoda. Asubuhi iliyofuata nimegeuka kuchochea moto, sijahesabu hata pumzi kumi, nageuka, kimeng'atwa. Na kwenye majivu kuna unyayo mmoja mzima, na pembeni yake mburuzo. Mguu wako wa kushoto, ule uliokuwa unauburuta, naujua. Nikakigusa kigoda. Kilikuwa na joto, lile joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

Sikupiga kelele. Nilisema, "Karibu, wifi," meno yanagongana, nikaongeza iliki. Siku ile vitumbua viliisha ukungu haujaondoka bondeni. Nikaanza kukusoma. Ukiuma kidogo, nikajua kuna kilichopungua. Ukiuma sana, nikajua leo viko sawa. Tulikuwa mbele ya kila mtu, nisikudanganye. Nilikuwa naogopa na nilikuwa na furaha, vyote kwa pamoja.

Lakini ua wa matete, ambao nyuma yake nilikuwa nachomea, una macho. Mtu alichungulia akaona bibi anamwekea chakula asiyekuwepo. Kufika mchana, ng'ambo kwa Mama Faraja walikuwa wanasema nimekufuga. Kwamba tuliyemzika Lupiro ni mgomba, wewe nimekufanya msukule, nimekuficha nyuma ya ua unilambie unga ili wateja wasibanduke kwangu. Mama Faraja mwenyewe alisema, nilimsikia kwa masikio yangu: "Vitumbua vitamu vile? Si bure!"

Wateja wakakatika kama kamba. Jilala, yule baba wa bodaboda aliyekuwa anakula vitano kwa mkupuo, akawa ananipa shikamoo pikipiki inatembea, uso ameuelekeza upande wa kijiji cha Mbingu. Akina mama wakawa wanawavuta watoto wakipita. Na macho yangu, wifi, haya mekundu ya moshi wa miaka, sasa yakapata maana nyingine. Unajua bibi mwenye macho mekundu hufanywa nini watu wakishakubaliana kuwa ni mchawi. Sikuwa naogopa kufunga biashara tu. Nilikuwa nalala na panga.

Mwenyekiti wa mtaa akaja. Hakukaa. "Bibi, funga kidogo, upepo upite." Nikamwambia, "Mwenyekiti, huu upepo haupiti, huu unaezua."

Kesho yake kulipopambazuka nikalichukua lile panga nikaukata ua wote, tete kwa tete. Nikaburuta jiko mpaka kando ya barabara. Nikatoa kinu, mchele, ndoo na kigoda chako. Watu wakajaa ng'ambo kama wamekuja kuangalia ajali. Nikaosha, nikatwanga, kila mtu anaona. Uji ule nilioulaza usiku nikaufunua mbele yao. Nikachoma cha kwanza. Halafu nikakaa mimi kwenye kigoda, nikawatazama, nikang'ata.

Utamu ukaja.

Sukari, nazi, chumvi kwa mbali, ulimi ulioniacha miaka yote umerudi mdomoni kama mtu anayeingia kwake. Na kabla sijaamua kusema, mdomo ukasema wenyewe, "Iliki imelala." Haikuwa sauti yangu. Ilipitia puani, nyembamba, yako.

Mama Faraja akazima spika. Nikajikaza nikasema kwa sauti yangu, "Mmeganda nini? Njooni mkague ndoo, mkague kinu, mkitaka na gauni nitalikung'uta!" Mtu akacheka. Wakadhani nilikuwa nakuigiza, maana neno lile mtaa mzima walilijua ni lako. Jilala akazima pikipiki akavuka. "Bibi," akasema, "wewe utatuua kwa hofu au kwa utamu?" Nikamwambia alipe kwanza, kifo baadaye.

Wamerudi. Hakuna mwingine barabara hii anayepika wazi, na watu wanapenda kuona kinachoingia tumboni mwao. Ulimi ulikufa tena saa ile ile. Kisahani nikakiweka pale siku kadhaa, hakikuguswa. Nikajua umeshaenda zako. Nililia kidogo, nikashukuru kidogo.

Kumbe!

Jana mchana Mama Faraja kanijia, kanga mpaka puani. Mwanamke aliyenitangaza mji mzima ananipigia magoti: "Shikamoo bibi. Ni siku ya tatu." Akafungua karatasi. Kitumbua chake cha kwanza, kimeng'atwa ukingoni, na katikati ya alama ya meno kuna ule mstari uliobaki kwa sababu ya pengo lako. Wifi! Umehamia ng'ambo! Sikuogopa hata kidogo. Nilishikwa na wivu, wivu wa kike kabisa.

Halafu nikakiangalia kile kitumbua mkononi, nikaelewa nimeshika nini. Ningetembea nacho mpaka stendi, ningesema neno moja tu, lile lile alilonirushia, na jioni kile kioo kingekuwa vipande, na pengine si kioo peke yake. Nisingekuwa na mshindani tena Ifakara hii. Nilimtazama. Na macho yake, wifi, moshi umeanza kuyala.

Nikakila. Chote, pamoja na mahali ulipong'ata. Kilikuwa cha baridi sana, baridi ya udongo, na koo mpaka leo halijapata joto. Nikamwambia, "Kavunje na wewe ua wako, utoe jiko nje. Na iliki yako imelala."

Akalia. "Bibi, kwa nini unanisaidia?"

"Sikusaidii. Nitakushinda kwa kitumbua. Kwa maiti ya wifi yangu sikushindi."

Asubuhi hii ameuvunja. Tunatazamana jiko kwa jiko, na mimi nimeshaanza vya ndizi mbivu. Aige.

Kwaheri, mwanamke wewe. Nakupenda na nimekukasirikia. Nakuahidi, maadamu napumua, jina lako halitatumika kumuumiza mtu, si kwa mdomo wake wala kwa mdomo wangu. Na kabla mvua hazijarudi nitavuka kwenda Lupiro nikapalilie kaburi lako.

Ukija tena, usije kwa kuibia. Njoo kumekucha, watu wamejaa, upange foleni nyuma ya Jilala kama mtu mwenye adabu. Ukifika mbele yangu kaa, ule kitumbua kizima mpaka kiishe, mimi nikikuangalia, ndipo uende.